Kupima Yabisi Iliyoyeyuka katika Maji ya Asili, na Mahali Makosa Yanapojificha

Katika vijiji vingi vya magharibi mwa Kenya, mama anayetaka kulainisha mboga za kienyeji hutia jivu la maganda ya maharagwe ndani ya chungu au kopo lenye matundu, hulimiminia maji, na chini hukinga maji yenye rangi ya chai ambayo Waluhya huyaita musherekha. Jivu lenyewe hubaki juu, na kinachopita ni maji pamoja na chumvi zilizoyeyuka ndani yake. Maji hayo yakiachwa mekoni hadi yakauke, sufuria hubaki na utando wa chumvi hiyo. Kupima yabisi iliyoyeyuka ni kazi ya namna hiyo hiyo, ila kila hatua hupewa kipimo chake: unachuja maji, unayakausha, unapima uzito wa kilichobaki, kisha unagawanya uzito huo kwa ujazo wa maji uliyoanza nayo. Jibu huandikwa kwa miligramu kwa lita.

Nimewaandikia walimu wa sayansi, wanafunzi wa vyuo na kamati za maji za Nakuru, Kisumu na maeneo jirani, kwa sababu nimeona mara nyingi mno nambari ya yabisi iliyoyeyuka ikitajwa bila mtu kueleza ilivyopatikana. Maji yale yale, siku ile ile, yanaweza kutoa majibu mawili yanayotofautiana kwa zaidi ya robo, na yote mawili yakawa yamepimwa na watu waaminifu. Nambari isiyo na maelezo ya njia iliyotumika haimsaidii mtu anayetaka kuamua kama maji ya kisima yafaa kunywewa.

Kalamu ya kupimia haijawahi kuona yabisi

Kifaa kidogo mfano wa kalamu ambacho watu hukiita kipima TDS (kifupi cha Kiingereza cha jumla ya yabisi iliyoyeyuka) hakipimi uzito wa kitu chochote. Kina vincha viwili vya chuma. Kinapitisha umeme kidogo kati yake, kinapima jinsi maji yanavyoupitisha, kisha kinazidisha jibu kwa kizidishio alichokichagua mtengenezaji kiwandani. Vingine huzidisha kwa 0.5, ambacho kinakaribia maji ya chumvi ya kawaida ya mezani, na vingine kwa 0.7, ambacho kimekusudiwa kuiga maji ya asili yenye bikaboneti na salfeti. Kwa hiyo kalamu mbili nzima, zilizotumbukizwa kwenye glasi moja, zinaweza kusoma 360 na 504 bila hata moja kuwa mbovu: upitishaji umeme wa maji hayo ni maikrosimensi 720 kwa sentimita, na tofauti iko kwenye kizidishio peke yake.

Vitu visivyobeba chaji ya umeme havionekani kabisa kwa njia hii. Sukari na sehemu kubwa ya uozo wa mimea ulioyeyuka hupita bila kuhesabiwa. Kwetu Bonde la Ufa jambo kubwa zaidi ni silika: miamba na majivu ya volkano huyapa maji ya visima makumi ya miligramu za silika kwa kila lita, nayo katika maji ya kawaida haipitishi umeme. Tanuri na mizani huiona, kalamu haiioni.

Nimewahi kumkuta muuzaji wa vichujio katika mtaa mmoja wa Nakuru akitumbukiza kalamu kwenye maji ya mfereji mbele ya akina mama, ikasoma kama 300, naye akawaambia kwamba maji hayo ni sumu. Jambo hilo liliniuma. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba maji yenye yabisi iliyoyeyuka chini ya miligramu 600 kwa lita kwa kawaida huwa na ladha nzuri, na kwamba ladha huharibika waziwazi inapopita 1,000. Hilo ni suala la ladha. Hatari halisi ya visima vingi vya Nakuru ni floraidi, ambayo shirika hilo hilo limependekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na ambayo ndiyo inayoyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Maji yenye yabisi 300 yanaweza kuwa na floraidi 5 ndani yake, na kalamu isionyeshe dalili yoyote. Floraidi ipimwe kwa njia yake.

Hata hivyo, sisemi kalamu itupwe. Ni chombo chepesi na cha haraka, na kwa kufuatilia kisima kimoja mwezi hadi mwezi sina kifaa kingine ninachokipenda zaidi, mradi tu kilinganishwe na mizani, kama nitakavyoeleza chini.

Sampuli

Tumia chupa ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, wala si ya kioo, hasa kwa maji ya magadi kama ya Ziwa Nakuru, kwa sababu maji hayo hula kioo polepole na kujiongezea silika yakiwa rafuni. Suuza chupa mara tatu kwa maji yale yale utakayochukua. Kama ni kisima cha pampu, iache pampu ifanye kazi kwanza hadi upitishaji umeme na jotoridi vitulie, maana maji yaliyolala ndani ya bomba si maji ya mwambani. Jaza chupa hadi mdomoni ili hewa isibaki ndani. Usitie asidi ya kuhifadhi, hata kama sampuli nyingine unazochukua kwa ajili ya kupima metali zinatiwa. Asidi huongeza uzito na huifukuza bikaboneti kabla hujaipima.

Pima upitishaji umeme na jotoridi papo hapo, kisimani au ukingoni mwa mto. Maji ya chini ya ardhi hutoka na kabonidioksidi iliyobanwa ndani yake, na gesi hiyo inapotoroka, sehemu ya kalsiamu hugeuka chokaa na kushika kuta za chupa. Visima vya magharibi vyenye chuma vina tabia ya pili: maji hutoka maang'avu kama machozi, na baada ya saa chache yanakuwa na wingu la rangi ya kutu. Chuma hicho kilikuwa kimeyeyuka kilipotoka ardhini, lakini ukichuja kesho yake kitabaki juu ya kichujio na jibu lako litapungua. Chuja mapema, ikiwezekana siku hiyo hiyo. Sampuli inayosafirishwa ikae kwenye barafu, karibu nyuzi 4 za Selsiasi, na isikawie zaidi ya siku saba kabla ya kupimwa.

Kuchuja

Neno «iliyoyeyuka» lina maana moja tu katika kazi hii: kilichopita kwenye kichujio. Njia ya kawaida ya maabara hutumia kichujio cha nyuzi za kioo chenye matundu yasiyozidi maikromita 2. Karatasi ya kawaida ya kuchujia inayopatikana katika maabara za shule ina matundu ya maikromita 11 au zaidi, na hapo ndipo Mto Nyando unapomkosesha mtu. Wakati wa masika mto huo hushuka ukiwa mwekundu kwa udongo wa mfinyanzi, na chembe nyingi za udongo huo ni ndogo kuliko matundu ya karatasi. Zitapita, zitakauka, nawe utazihesabu kama chumvi. Ukiyatazama maji uliyochuja kwenye mwanga wa dirisha ukaona bado yana ukungu, yachuje tena kwa kichujio cha matundu madogo zaidi, tuseme maikromita 0.45, na uandike ukubwa wa matundu hayo karibu na jibu. Hata hivyo chembe ndogo kabisa za udongo zinaweza kupita hapo pia. Katika maji ya aina hiyo jibu la tanuri ni kikomo cha juu.

Kichujio kipya kioshwe kwanza mara tatu kwa maji yaliyokenekwa, kiasi cha mililita 20 kila mara, ili nyuzi zilizolegea zitoke, na maji hayo yamwagwe. Baada ya sampuli kupita, suuza kichujio mara tatu kwa mililita 10, na safari hii maji ya kusuuzia yaunganishwe na yaliyochujwa, kwa kuwa yamebeba chumvi zilizokuwa zimebaki kwenye nyuzi. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli yanaweza kushika nafasi ya maji yaliyokenekwa iwapo upitishaji umeme wake uko chini ya maikrosimensi 5 kwa sentimita. Ila soma lebo kwa makini, kwani wauzaji wengine huiita asidi ya betri kwa jina hilo hilo.

Kiasi cha kukausha

Lengo ni kupata masalio ambayo mizani inaweza kuyapima vizuri lakini ambayo hayazidi miligramu 200, kwa sababu masalio mengi hujenga gamba gumu juu linalofungia maji chini yake, na maji hayo hayatoki hata ukikausha usiku kucha. Maji ya Ziwa Viktoria ni mepesi mno. Upitishaji umeme wake katika ziwa wazi ni karibu maikrosimensi 100 kwa sentimita, na ndani ya Ghuba ya Winam huwa juu zaidi kidogo. Mililita 100 za maji ya Dunga, ufukoni mwa Kisumu, zinaweza kukuachia miligramu kumi tu za masalio, na hapo kosa la miligramu moja kwenye mizani linakuwa kosa la asilimia kumi. Chukua mililita 250 au zaidi, uzimimine kibakulini kwa awamu.

Ziwa Nakuru ni kinyume chake. Halina mto unaotoka, maji yake ni ya sodiamu yenye kaboneti na bikaboneti, na ukali wake hubadilika sana kulingana na kimo cha ziwa. Miaka ya ukame upitishaji umeme umekuwa makumi ya maelfu ya maikrosimensi, ilhali tangu maji yalipoanza kupanda baada ya mwaka 2010 ukali umeshuka sana. Usitegemee nambari ya kitabu cha zamani kuchagua kiasi. Pima upitishaji kwanza. Kama maji yanakaribia gramu 30 kwa lita, mililita 5 zinatosha, nazo zipimwe kwa pipeti, si kwa silinda, kwa sababu kosa la nusu mililita katika mililita 5 tayari ni asilimia kumi.

Kukausha, na kimo cha Nakuru

Kibakuli cha kauri kisicho na maji kikae ndani ya tanuri la nyuzi 180 kwa saa moja, kipoe ndani ya desiketa (chombo kinachofungwa chenye punje za kufyonza unyevu), kipimwe uzito, na kisha kiguswe kwa koleo tu. Mimina sampuli iliyochujwa na uikaushe polepole chini ya kiwango cha kuchemka. Vitabu vingi vimeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, navyo husema tanuri liwekwe nyuzi 98 ili maji yasiruke. Mjini Nakuru, kwenye kimo cha mita 1,850 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 94, na Kisumu, mita 1,130 hivi, karibu na 96. Nilipoanza kazi hii Nakuru niliweka 98 kama kitabu kilivyoagiza. Asubuhi niliyoufungua mlango wa tanuri nilikuta vitone vyeupe vimeganda kwenye kuta za ndani, kila kimoja na ukubwa wa punje ya mtama, na majibu ya visima vyote vya siku hiyo yalikuwa yameshuka. Vile vitone ndiyo yabisi niliyokuwa nikiitafuta. Tangu hapo Nakuru naweka nyuzi 91 au 92.

Maji yakishakwisha, pandisha tanuri hadi nyuzi 180 na uache saa moja kamili. Poza ndani ya desiketa, pima, rudisha tanurini, pima tena, mpaka vipimo viwili vinavyofuatana visitofautiane kwa zaidi ya miligramu 0.5.

Kwa nini 180 na si 105? Katika 105 chumvi nyingi, hasa salfeti, bado zimeshikilia maji katika fuwele zake, na maji hayo hupimwa kama chumvi. Katika 180 karibu maji yote yaliyonaswa huwa yametoka, ingawa baadhi ya salfeti bado hung'ang'ania kidogo, na sehemu ya uozo wa mimea huungua au kuruka. Kila jotoridi lina kosa lake, kwa hiyo jotoridi liandikwe daima pamoja na jibu.

Bikaboneti, deni linalosahaulika

Hapa ndipo ningependa msomaji wa Nakuru akae muda mrefu zaidi, kwa maana maji ya visima vyetu yamejaa bikaboneti ya sodiamu. Maji yanapokauka, bikaboneti mbili huungana na kuwa kaboneti moja, na kabonidioksidi pamoja na maji huruka hewani. Kati ya kila miligramu 100 za bikaboneti zilizokuwa ndani ya maji, ni 49 tu zinazobaki kibakulini. Nyingine 51 zilikuwa zimeyeyuka kweli, na zimepotea bila mpimaji kukosea lolote.

Tuchukue mfano wa kisima cha upande wa Njoro. Kibakuli kitupu ni gramu 58.3127; baada ya kukausha mililita 100 ni gramu 58.3588. Tofauti ni gramu 0.0461, yaani miligramu 46.1, na kwa lita nzima ni miligramu 461. Sasa tuseme upimaji wa kudondoshea maji asidi umeonyesha bikaboneti ni miligramu 360 kwa lita. Zilizoruka ni kama 183, kwa hiyo jumla ya kilichokuwa kimeyeyuka kisimani ni karibu 644. Nambari zote mbili ni halali. Ya 461 ni yabisi inayobaki baada ya kukausha kwa nyuzi 180, na ndiyo inayolinganishwa na viwango vya maji ya kunywa. Ya 644 ni mzigo halisi unaosafiri na maji. Kosa ni kuchukua moja na kuilinganisha na nyingine, jambo ambalo hutokea kila mara mtu anapojumlisha ioni (chembe za chumvi zenye chaji ya umeme) zilizopimwa na maabara kisha akashangaa kwamba tanuri limempa pungufu. Kabla ya kujumlisha ioni, zidisha bikaboneti kwa 0.49 na usiisahau silika. Ukifanya hivyo, jibu la tanuri likigawanywa kwa jumla hiyo linapaswa kuwa kati ya 1.0 na 1.2, likiwa nje ya hapo, ama kuna ioni haikupimwa, ama kuna kosa la kutafuta.

Mizani na unyevu

Chumvi za magnesiamu na kalsiamu, hasa kloraidi, hufyonza unyevu wa hewa kwa pupa. Msimu mmoja wa mvua ndefu, Kisumu, niliweka kibakuli juu ya mizani na tarakimu ya mwisho ikakataa kutulia. Ilipanda miligramu moja, mbili, tatu, huku nikiitazama. Nilipofungua desiketa niliona punje za jeli ya silika zimegeuka kutoka buluu hadi waridi. Zilikuwa zimeshiba maji tangu siku nyingi, na vibakuli vyote vilikuwa vikipoa ndani ya hewa yenye unyevu. Kagua rangi hiyo kila asubuhi, na ukiona waridi, zikaushe tanurini kabla ya kuendelea.

Kosa lililo kinyume chake ni kupima kibakuli kabla hakijapoa. Hewa iliyo juu ya chombo cha moto hupanda na kukiinua kidogo, kwa hiyo mizani husoma pungufu. Mpe kila kibakuli muda ule ule wa kupoa, kikiwa kitupu na kikiwa na masalio, na kila kundi la sampuli liandamane na kibakuli kimoja cha maji yaliyokenekwa matupu kinachopitia hatua zote. Uzito kitakaoongeza hicho ndio uchafu wa kazi yako mwenyewe, nao huondolewa kwenye majibu yote.

Kutafuta kizidishio cha maji yako

Sawazisha kwanza kifaa cha upitishaji kwa myeyusho wa kloraidi ya potasiamu: gramu 0.7456 za chumvi hiyo iliyokauka, ndani ya lita moja kamili, husoma maikrosimensi 1,413 kwa sentimita kwenye nyuzi 25. Angalia kama kifaa kinajirekebisha chenyewe kwa jotoridi. Kama hakijirekebishi, kumbuka kwamba upitishaji hupungua kwa karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja jotoridi linaposhuka, na maji ya Mto Njoro ya alfajiri yenye nyuzi 15 yatasoma karibu moja ya tano pungufu kuliko yangesoma kwenye 25. Vincha vilivyoshika mafuta au magadi viloweshwe na kusuuzwa. Mapovu yaliyonaswa kati yake yatolewe kwa kugongagonga chombo.

Kisha gawanya jibu la mizani kwa upitishaji. Kwa kisima chetu cha Njoro, tuseme upitishaji wake ni 720, basi 461 kwa 720 ni 0.64. Maji mengi ya asili huangukia kati ya 0.55 na 0.7, lakini nambari ya kisima chako ndiyo inayokuhusu. Tumia sampuli tano au sita za nyakati tofauti, si moja. Kizidishio hicho hakihamishiki: cha Njoro hakifai Dunga, na hakifai kabisa Ziwa Nakuru, ambako ioni zimesongamana kiasi cha kuzuiana njia, upitishaji ukaacha kupanda kwa uwiano na chumvi. Ukiyazimua maji hayo mara kumi na kuzidisha jibu kwa kumi, utapata nambari kubwa kuliko ya kupima moja kwa moja, na hilo lisikutie hofu kuhusu kifaa. Hali hiyo imo ndani ya maji yenyewe. Kwa ziwa hilo mimi hutumia tanuri na mizani peke yake.

Katika daftari, mstari wa kisima kimoja usomeke hivi: jina la mahali, tarehe na saa, jotoridi la maji, upitishaji kwenye nyuzi 25, ukubwa wa matundu ya kichujio, ujazo uliokaushwa, uzito wa kibakuli kikiwa kitupu na kikiwa na masalio, jotoridi la tanuri, na bikaboneti. Baada ya masika na tena mwishoni mwa kiangazi, rudia tanuri kwa sampuli mbili mpya, na kama kizidishio kimesogea kutoka 0.64 hadi 0.68, anza ukurasa mpya na uandike juu yake kile kipya.